Kucha Kumi na Nane za Filou

Mara ya kwanza nilipomtazama Lukman vizuri, alikuwa amechuchumaa nyuma ya benchi kando ya maziwa ya Ixelles, hapa Bruxelles, anachimba ardhi kwa kijiko cha chai. Ilikuwa saa nne asubuhi, watu wanapita na mikate yao kwapani, na yeye hana habari nao. Alichimba shimo la kina cha kidole, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitia, akafukia, akapigapiga udongo kwa mgongo wa kijiko. Halafu akakifuta kijiko kwa kitambaa, akakirudisha kwenye begi lake jeusi, akaenda zake upande wa uwanja wa Flagey kama mtu aliyetoka kununua gazeti.

Mimi nilikuwa kwenye benchi la pili. Daktari aliniambia nitembee, basi natembea, na mtu wa kutembea huona mambo ambayo hakuitwa kuyaona. Nilingoja mpaka apotelee kituoni, nikaenda nikachokoa pale mahali kwa ncha ya mwavuli. Ndani ya ile karatasi mlikuwa na kucha. Vipande vyeusi, vimepinda, vinene kuliko kucha za mtu yeyote ninayemjua. Nilivifukia tena upesi, nikaifuta mikono kwenye majani, na siku nzima sikuionea raha mikono yangu.

Jambo kama hilo huwezi kukaa nalo peke yako. Nililipeleka Matonge, mtaa wetu Waafrika, kwenye saluni ya Constant, kijana wa Lubumbashi anayeninyoa. Constant mwenyewe ni mtu wa kujihadhari. Nywele akizifagia anazifunga kwenye mfuko mbele ya macho yako, kwa sababu wateja wake hawapendi kuacha kitu cha mwili wao kikizagaa kwa watu. Nilipomweleza habari ya kijiko, alizima mashine.

"Papa," akasema, "muntu anazika kucha, na weye unauliza tena anafanyaka kazi gani?"

Akaniambia kwamba huyo Lukman aliwahi kuja kunyolewa, begi likaanguka likafunguka. Constant aliona kwa macho yake: chupa ya udongo, vifuko vya unga mweupe, koleo. Bon, alisema, udongo, unga na koleo, ile si begi ya fundi wa matofali. Mteja mmoja akadai ule udongo ni wa makaburini. Constant akamjibu kwamba hapa Bruxelles hata makaburi yanafungwa saa kumi, labda awe na rafiki yake kule ndani. Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesema kwamba ni uongo.

Wiki hiyohiyo nikakutana na Lukman kwenye basi la 71. Nilikaa pembeni yake kwa makusudi. Kwa karibu alikuwa mtu wa miaka kama sitini, mwembamba, ana alama ya sijida kwenye paji la uso, na suruali yake imejaa manyoya ya kahawia kutoka magoti kwenda chini. Nilimsalimia, nikamuuliza kama anatokea kazini. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kazi gani.

"Kukata kucha, mzee."

"Za nani?"

"Za mbwa."

Nikageukia dirishani nisimcheke usoni. Mwislamu, tena mwenye alama ya sala, anakata kucha za mbwa. Nilijisemea huyu amezoea kudanganya, maana uongo wake hauna hata haya. Lakini hakuwa mtu wa kukasirika. Alilipakata begi lake akanieleza polepole, vituo vyote mpaka Porte de Namur, na siku zilizofuata akanimalizia kwenye lile benchi.

Baba yake alikuwa akiuza mbuzi Buyenzi, pale Bujumbura. Lukman alikuwa mtoto wa kushika miguu: mbuzi akitoka safari ndefu kwato zimepasuka, yeye anashika, baba anachonga kwa kisu. Huko ndiko alikojua kwamba ndani ya kwato kuna nyama, na ukiifikia, mnyama hatakusamehe. Vita vilipokuja wakakimbilia Kigoma, wakakaa kambini miaka, mwisho yeye na mkewe Zaituni wakafika Ubelgiji. Akaosha vyombo hotelini, akasafisha ofisi, kisha akawa msaidizi wa nyumbani kwa wazee. Mzee wake wa kwanza alikuwa Madame Josiane, mjane anayekaa juu kidogo ya Flagey. Huyo alikuwa na mbwa anaitwa Bijou, kucha zimemrefuka mpaka akitembea sakafuni zinalia ka-ka-ka na vidole vinageukia upande. Madame macho hayaoni vizuri, anaogopa kumkata. Lukman akavumilia miezi miwili. Siku moja akasema nipe koleo.

"Si kwamba nilimpenda mbwa," aliniambia. "Ila mnyama kuumwa na miguu na mimi nipo, na kazi hiyo naijua, nilishindwa kulala."

Kazi yenyewe aliielezea kama mtu anayesimulia namna ya kumvusha mtoto barabara. Kucha ya mbwa ina mshipa katikati. Kama kucha ni nyeupe, unaweka taa nyuma yake, utaona nyekundu inaishia wapi, unakata mbele ya hapo. Kama ni nyeusi, huoni kitu, basi unapunguza kidogokidogo, vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, na kila mara unatazama uso wa kucha pale ulipokatwa. Likitokea doa dogo katikati, limelowa kidogo, unaacha. Hapo umefika mlangoni, ukiongeza umeingia ndani kwa watu. Mguu usiuminye. Mbwa akitaka kuuvuta, mwache auvute, kisha umwombe tena. Ukiona analamba midomo na kugeuza macho, pumzika, kucha nyingine zitakatwa kesho. Na damu ikitoka, chovya kucha kwenye unga laini wa mahindi, ukandamize mpaka ikate.

"Ndio huo unga mweupe?" nikamuuliza.

"Ndio huo. Dukani wanauuza wa kupikia keki."

Na udongo? Udongo ulikuwa wa kunawia. Katika dini yao, mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, na moja ni kwa udongo. Huo alikuwa akiuchukua kwenye bustani ya mchicha ya shemeji yake kule Anderlecht, kwa sababu udongo wa maziwani mbwa wote wa Ixelles wameshaukojolea. Na juu ya hayo alikuwa akivaa glavu, si zile nyembamba za hospitali, bali nene, za mpira, mpaka kwenye kiwiko. Hata hivyo Zaituni hamruhusu kupita mlangoni na suruali ya kazi. Anaivulia kwenye ngazi, jirani wa Kipolandi ameshazoea.

Na kucha za kuzika? Akasema kwao kucha hazitupwi, zinafukiwa. Za watu, ndiyo, anajua. Lakini alishazoea, na kuziacha kwenye pipa la taka la mtu ilimwia vigumu.

Nilimsikiliza, na sitadanganya, sikumwamini yote. Maelezo yalikuwa mazuri mno, kila kitu kina jibu lake. Nilipompelekea Constant habari hizo, naye akasema hivyohivyo: muntu wa kweli hakosi kitu kimoja hawezi kueleza.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa tatu Lukman akaja pale saluni kunitafuta. Hakukaa. Alisema Madame Josiane alimpigia simu, sauti yake si ya kawaida. Bijou alikufa mwaka jana, na tangu vuli Madame ana mbwa mwingine, Filou, jibwa la manyoya marefu lililotoka kwenye makazi ya mbwa waliotelekezwa. Ijumaa Lukman alimkata kucha. Jumapili binti wa Madame, Nicole, alikuja kula chakula cha mchana akamkuta Filou anachechemea mguu wa nyuma. Amepekua kabati ambamo Lukman aliliacha begi lake Ijumaa ile. Ameona unga, ameona udongo. Sasa anataka ufunguo wa nyumba urudishwe leo saa nane, na amesema atapita nyumba kwa nyumba mtaani awaambie watu.

Hapo nilielewa kwa nini hakukaa. Nyumba zote tisa alizokuwa akiingia kukata kucha katika mtaa ule, kila moja aliipata kwa neno la Madame Josiane. Ufunguo ule ukirudi kwa aibu, tisa zinafungwa kwa siku moja, na mtu wa umri wake anaanza tena kuosha vyombo.

"Mzee, nifuate," akasema. "Kaa tu uone ninachofanya. Nikisema mwenyewe hawataniamini."

Constant akanitazama kwenye kioo. "Papa, weye uende," akasema, "lakini chai ya kule usikunywe."

Njiani Lukman naye akafungua kifua chake, na kumbe shaka zilikuwa nyingi kwake pia. Alisema huyo Nicole hajawahi kumpenda. Anataka mama yake ahamie nyumba ya wazee, na mbwa ni kikwazo. Ijumaa Filou alitembea vizuri, Jumapili Nicole amekuja na viatu vya kisigino, Jumapili hiyohiyo mguu umeumia. Nikamwambia asiseme hivyo kule. Akasema hatasema, lakini ameshahesabu.

Nicole alitufungulia mlango mwenyewe. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, nywele fupi, na hakuuliza mimi ni nani, alinitazama tu viatu. Jikoni vitu vya Lukman vilikuwa vimepangwa juu ya meza kwa mstari: chupa ya udongo, vifuko vitatu vya unga, koleo, tupa ya kusugulia, kijiko cha chai. Ufunguo ulikuwa umewekwa peke yake, mbali na vingine. Lukman alikuwa ameutoa mfukoni mlangoni kabla hajaombwa. Madame Josiane alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mdogo kama mtoto, mikono juu ya fimbo. Filou alikuwa amelala chini ya miguu yake, na kweli, mguu wa nyuma wa kushoto aliuweka mbali kama si wake.

Nicole aliongea kwa Kifaransa cha haraka. Alitaka kujua unga ule ni nini, na kwa nini kwenye vifuko vidogo namna ile. Alitaka kujua mtu anakuja na udongo kwenye nyumba ya mwanamke mzee kufanya nini. Alikuwa ameshachukua nafasi kwa daktari wa wanyama kesho yake asubuhi, na chochote atakachoandika daktari, alisema, kitasomwa na mtaa mzima. Lukman alijibu kila swali, taratibu, na nikaona kosa lake ni lilelile la kwenye basi. Kila kitu kilikuwa na jibu. Uso wa Nicole ukazidi kukunjamana.

Mwishoni akasema, "Basi nionyeshe ni kucha gani uliyoikata vibaya."

Lukman akavaa glavu, akapiga magoti. Madame akampa Filou kipande cha jibini, nami nikaambiwa nikae upande wa kichwa, nimwekee mkono shingoni bila kumbana. Alianza miguu ya mbele. Aliinua kila kidole, akamwonyesha Nicole kucha, ncha ilivyosuguliwa, hakuna damu, hakuna ufa. Vitano kulia, vitano kushoto, ukihesabu na kile cha juu kisichogusa ardhi. Akaenda nyuma, vinne kulia. Kushoto Filou akaunguruma. Lukman akangoja, akaomba tena, akapewa. Vinne kushoto. Vyote vizima.

"Kumi na nane," akasema.

"Basi kwa nini hatembei?" akauliza Nicole.

Lukman hakuwa na jibu. Nilimwona akilitafuta. Alipitisha kiganja juu ya mguu, kwenye yale manyoya mazito ya kisigino, akapapasa, akarudia. Mbwa akashtuka, akauvuta mguu. Lukman akamtazama Nicole, kwenye viatu, nikajua anachowaza, nikamwomba Mungu asifungue mdomo. Nami, ndugu yangu msomaji, nilikuwa nawaza langu. Nilimtazama Nicole na hasira zake, na yule mtu wa kijiko, nikasema moyoni mmoja wao amemuumiza huyu mbwa na anajua.

Lukman akaiangalia glavu yake. Aliiangalia muda mrefu, akiigeuza kama kitu alichokiokota barabarani. Kisha akaivua.

Mkono ulikuwa umekunjamana kwa jasho. Akauingiza mtupu ndani ya manyoya, juu ya kisigino kwa ndani, polepole, kwa ncha za vidole, kama anayetafuta sindano kwenye zulia. Vidole vikasimama hapo.

"Mzee," akaniambia kwa sauti ya chini, "kuna kidole hapa."

Akayagawa manyoya pande mbili tukaona wote. Kidole kidogo kilichoning'inia, mahali ambapo mbwa wengi nyuma hawana kitu. Kucha yake haijaguswa na sakafu wala koleo tangu mbwa aje. Ilikua ikajizungusha kama hereni, ncha ikarudi na kuzama nyamani. Palikuwa pamelowa, na panatoa harufu. Nicole aliinama, akaweka mkono mdomoni.

Pale mtu angeweza kujitetea. Angesema mbwa ameumbwa hivyo, nani angejua. Tena angesema si koleo lililomuumiza, na ingekuwa kweli. Lukman alibaki magotini, mkono mmoja una glavu, mwingine hauna.

"Madame Nicole, kosa ni langu," akasema. "Mbwa wote niliowashika walikuwa na kumi na nane, nikahesabu kumi na nane. Na kwa hii glavu vidole vyangu havihisi kitu. Ningempapasa kwa mkono siku ya kwanza ningekijua. Manyoya makavu hata hayaninajisi. Dini haikunituma hivyo, ni uoga wangu tu."

Akaomba taa, Nicole akaleta simu yake akawasha mwanga. Lukman akaikata ile pete katikati, mara moja, ili isiendelee kusukuma. Ncha iliyozama hakuigusa. Alisema hiyo ni kazi ya daktari, akiivuta yeye anaweza kuacha kipande ndani. Filou akatoa pumzi ndefu, akaweka kichwa juu ya goti langu. Mguu wa kulia ulikuwa na kidole kama hicho, kucha imepinda lakini haijafika nyamani. Akaikata kidogokidogo mpaka penye doa, akaacha. Nicole alikuwa ameshaanza kumpigia daktari, akiomba apokewe jioni hiyohiyo.

Halafu Lukman akaenda kwenye sinki na chupa yake. Nicole akakata simu akamfuata, akasimama nyuma yake. Akauliza ule udongo ni wa nini hasa. Lukman akamweleza tena, kama alivyomweleza mwanzo. Nicole akaichukua ile chupa mkononi mwake, akaifungua, akanusa. Akamimina kidogo kiganjani, akausugua kwa kidole gumba.

"Ni udongo," akasema.

"Wa mchicha," akasema Lukman. "Anderlecht."

Akanawa. Maji ya kahawia yakashuka, na Madame Josiane akagonga fimbo sakafuni akaanza kumhesabia kutoka kwenye kiti chake, un, deux, mpaka sept, sauti yake ya kitoto ikipanda. Nicole hakucheka, ila bomba alilifunga yeye.

Ufunguo Lukman hakuuchukua. Alirudisha vitu vyake begini kimoja kimoja, akausukuma ufunguo upande wa Nicole. Akasema mbwa akitembea vizuri wamwite, atagonga mlango kama mgeni. Nicole akautia kwenye mfuko wa koti lake. Tulishuka ngazi bila kujua amewaza nini, na njia nzima mpaka Flagey Lukman alikuwa akiufumba na kuufumbua ule mkono.

Wiki ya kwanza hakuna simu. Ya pili hakuna. Nyumba nyingine ziliendelea kumwita, lakini alisema kila mlango ukifunguka anautazama uso wa mtu kwanza kabla ya mbwa. Wiki ya tatu Nicole akapiga simu, akataja siku na saa, akakata. Lukman akanichukua tena.

Filou alitufuata mpaka ukumbini kwa miguu minne. Nicole hakutukaribisha kukaa. Alipiga magoti yeye mwenyewe kwenye zulia, akakunja mikono ya sweta, akaingiza vidole kwenye manyoya ya mguu mmoja baada ya mwingine, anahesabu kwa sauti. Alipofika vingt akainua macho.

"Na wewe," akamwambia Lukman.

Lukman akapiga magoti upande wa pili, mikono mitupu, akahesabu naye. Ishirini. Nicole akahakikisha kwamba vidole vya Lukman vimepita kila mahali, nilimwona akivifuata kwa macho. Ndipo akainuka, akatoa kwenye droo ufunguo, na pamoja nao kichupa kidogo cha dawa kilicho kitupu. Kitupu si kweli. Ndani mlikuwa na kipande cheusi, kimepinda, ile ncha aliyoitoa daktari.

"Mama anasema hizi huwa unaondoka nazo," akasema. "Sijui unazipeleka wapi, na sitaki kujua."

Siku hiyo tulikwenda wote mpaka kwenye benchi. Nilimshikia begi wakati anachimba. Nilipomsimulia Constant, aliendelea kuninyoa, kisha akauliza kama nina hakika kile kichupa kilizikwa, au nilikiona tu kinaingia shimoni. Nikamwambia nilikiona kinaingia.

"Alors, Papa, uliona tu kinaingia," akasema Constant, akazifagia nywele zangu, akazifunga kwenye mfuko mbele ya macho yangu.